Sinema na feza ya tikiti

Kila mara likizo inapokaribia, wafratri wanatuletea swali lilelile: «Filme mpya zimefika mjini. Zipi zinastahili feza ya tikiti, na zipi tuziache?» Makatekista nao wanauliza, kwa kuwa vijana wa katekisimu wanawauliza wao. Tumejibu mara nyingi kwa mdomo, tukisimama njiani, na majibu ya namna ile yanapotea. Leo tunajibu kwa maandiko, ingawa twajua kwamba wengine watatukatalia. Vema, watukatalie.

Wengi wanaotuuliza wanangojea orodha: hii nzuri, hii mbaya, hii ya watu wazima tu. Orodha za namna hiyo si jambo jipya katika Kanisa. Mwaka 1928 kilianzishwa OCIC, ndicho chama cha Wakatoliki wa dunia yote kwa mambo ya sinema. Mwaka 2001 kiliunganishwa na chama cha redio na televisheni, na jina lao likawa SIGNIS. Mwaka 1936 Baba Mtakatifu Pio XI, katika barua yake Vigilanti cura, aliwaomba maaskofu wa kila nchi waweke ofisi ya kupima filme na kuwajulisha waamini. Katika miji mingi ya Ulaya karatasi ya filme za juma ilibandikwa penye mlango wa kanisa, na kila filme ilikuwa na namba yake au herufi yake. Mkristu alisoma, akajua: hii naweza kwenda na watoto, hii niende peke yangu, hii nisikanyage.

Hatuzarau kazi ile. Lakini namba ile ilijibu nusu tu ya swali. Ilisema kama filme itakuumiza roho. Haikusema kama utapata kitu. Iko filme isiyo na zambi hata moja, wala neno chafu, wala nguo fupi, na bado mtu anatoka ndani yake mikono mitupu. Ni kama gunia la makala la sokoni: juu vipande vikubwa vizuri, chini vumbi. Mwuzaji hakuiba, gunia limejaa. Lakini ukifika nyumbani maharagi hayaivi.

Tena, sisi wa Kongo tuna sababu yetu ya kuogopa orodha. Wakati wa Wabelgiji, tangu mwaka 1945, filme haikuweza kuonyeshwa kwa Waafrika kama tume ya serikali haijaikubali. Wazungu walikwenda kutazama zao. Wakongomani walichaguliwa zao. Mtu akizoea kuchaguliwa, hata akiachiwa huru anaendelea kuuliza: «Mnaniruhusu?» Wafratri wetu hawakuuliza hivyo, nao tunawasifu. Waliuliza kama filme inastahili feza. Swali hili ni la mtu mwenye akili anayekwenda sokoni.

Baba Mtakatifu Pio XII, katika barua Miranda prorsus ya mwaka 1957, aliligusa swali hili. Alifundisha kwamba anayenunua tikiti ya sinema ni kama mtu anayepiga kura: kwa feza yake anachagua kati ya sinema nzuri na sinema mbaya. Twakubali. Ila kura hii haina uzito mmoja kwa kila mtu. Kwa mwenye mshahara wa kila mwezi, tikiti ni kitu kidogo. Kwa kijana anayesukuma chukudu toka asubuhi pale Butembo, tikiti ni sehemu ya chakula chake cha jioni, naye ameitoa kwa hiari yake. Mwenye kuonyesha filme, na mwenye kuandika juu ya filme, wote wawili wana deni kwa kijana huyo.

Tulitaka kuona kwanza, ndipo tuseme. Jumapili moja, kiisha Misa ya pili, tuliingia katika nyumba ya video ya kartie moja ya Butembo. Tulilipa franka 500 kila mmoja. Ndani mabenchi ya mbao, kitambaa cheusi dirishani, mashine ya umeme ikinguruma nyuma ya ukuta. Nje, juu ya ubao, filme tatu za siku ile ziliandikwa kwa chaki. Jambo la kwanza tuliloliona ni hili: kwa filme mbili hawakuandika jina la filme. Waliandika jina la mfasiri tu.

Wasomaji wa mbali wataomba maelezo. Filme nyingi zinazofika kwetu zinapita Kampala na mpaka wa Kasindi. Zimetengenezwa Marekani, au Uhindi, au China, na watu wetu hawasikii luga zile. Basi iko kazi ya mfasiri: anakaa mbele ya mikro, anatazama filme pamoja nasi, na anasema kwa sauti yake mwenyewe maneno ya wachezaji wote, wanaume na wanawake, askari na watoto. Huko Uganda wanafanya kwa Kiganda. Tanzania Lufufu alijulikana sana kwa kazi hii kwa Kiswahili. Sauti ya filme inashushwa, sauti ya mfasiri inapanda juu.

Wafratri wengine wanacheka kazi hii. Wanasema ni kelele, inaharibu filme. Sisi tuliingia tukifikiri sawasawa na wao, na tulitoka na mawazo mengine. Filme yenyewe ilikuwa ya vita, ya Marekani, na kwa kusema kweli haikuwa na kitu: watu wanakimbia, magari yanawaka, mtu mmoja anaua wengi na nywele zake hazichafuki. Lakini palikuwa na pahali pamoja ambapo baba anamwaga mtoto wake kwa simu, akijua hatarudi. Mchezaji yule alisema maneno machache tu. Mfasiri akanyamaza kidogo, kiisha akayasema kwa namna baba wa kwetu angeyasema, pamoja na kumwagiza mtoto amsalimu bibi yake. Nyumba nzima ilinyamaza. Bibi yule hakuwako katika filme! Lakini bila yeye kuaga kule kungekuwa kwa kigeni, na wavulana wa benchi la mbele wasingeacha kula karanga zao.

Mapadri wazee hawatashangaa. Katika miaka ya 1950 misioni zilipozungusha filme vijijini, mara nyingi palisimama mtu kando ya kitambaa cheupe, akieleza mapicha kwa luga ya watu. Padri Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili huko Kasai. Padri Van den Heuvel hadisi za Mboloko, yule swala mdogo mwenye akili. Na huko Bukavu Mapadri Weupe walikuwa na kazi yao ya filme. Mweleza mapicha alikuwa nusu ya filme. Akiwa mtu wa akili watu walielewa; akiwa mpumbavu walirudi nyumbani na mambo yaliyopinduka. Katekista anayesoma maneno haya anaijua kazi ile kwa mwili wake, kwa kuwa na yeye kila Jumapili anasimama kati ya neno la mbali na watu wa karibu.

Basi mfasiri naye apimwe. Mfasiri wetu wa Jumapili ile, aliyetuletea bibi wa mtoto, nusu saa baadaye alimtukana mwanamke mmoja wa filme kwa maneno ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Mwanamke yule hakuwa amesema kitu. Alikuwa anapita tu na ndoo. Wavulana walicheka sana, na wasichana wawili waliokuwa karibu nasi waliangalia chini. Tukasema moyoni: mtengenezaji wa filme hakuweka tusi lile, tume yoyote ya filme isingeliona, na bado ndilo lililonunuliwa kwa franka zile. Orodha ya Ulaya haiwezi kumsaidia msichana yule. Aliyeweza kumsaidia ni mwenye nyumba, kama angejua kwamba wako watu wasiorudi kwake juu ya mfasiri huyo. Nasi tulimwambia wakati wa kutoka. Alisema kwamba vijana wanapenda hivyo. Hatujui kama alisikia.

Hayo ni ya Butembo. Kwa Beni swali la tikiti lina uso mwingine, na tuliufahamu kwa neno la katekista mmoja wa upande ule. Tulimwuliza tikiti kwao ni feza ngapi. Akajibu: «Padri, kwetu hatuulizi feza ngapi. Tunauliza saa ngapi.» Tangu mwezi wa kumi wa mwaka 2014 watu wa Beni na vijiji vyake wamezika wengi sana waliouawa kwa panga na bunduki, tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo la Kivu ya Kaskazini liliwekwa chini ya utawala wa askari. Mzazi wa Beni anajua kila dakika ya jua. Filme inayoanza saa kumi na moja inamtoa mtoto nje gizani, na hapo hata ikiwa bure ni gali. Tunasema wazi, na makatekista watuunge mkono: huko Beni filme ya jioni haistahili, hata iwe nzuri namna gani. Ionyeshwe saa nane mchana, au isionyeshwe.

Tulitaka kuongeza neno jingine juu ya Beni, na tulikuwa tumekwisha kuliandika: kwamba watu walioona vita kwa macho yao wasilipe feza kutazama vita. Tulimsomea kijana mmoja aliyekimbia kijiji chao. Alitusikiliza kwa heshima, kiisha akasema: «Katika filme, bunduki zinanyamaza kiisha saa mbili, na mwovu anajulikana uso wake.» Hatukupata jibu la kumrudishia, na tuliipasua karatasi ile. Tungali tunafikiri kwamba filme nyingi za vita ni vumbi la gunia. Lakini hatusemi tena kwamba anayezitazama hajui anachokitafuta.

Sasa tuje kwa filme zenyewe, kwa maana tumeahidi. Tunataja chache tu, zilizotengenezwa Kongo katika miaka hii, kwa kuwa juu yake ndiyo tunaulizwa zaidi. Nyingi hazikufika kwetu kwa njia ya halali, bali kwa kunakiliwa toka simu hadi simu, na mtengenezaji hakupata hata senti. Parokia inayotaka kuonyesha filme iandike kwanza kwa wenyewe kuomba ruhusa. Mara nyingine wanajibu kwa wema.

Augure, ya mwaka 2023, ni ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi. Kijana anarudi toka Ulaya pamoja na mchumba wake mzungu mwenye mimba, na jamaa yake wanamwona kuwa mchawi juu ya alama ya mwilini aliyozaliwa nayo. Anapopakata mtoto mchanga, damu inamtoka puani na kumwangukia mtoto, na nyumba nzima inageuka. Sehemu ile ni ya kweli na ya kutisha, na kila padri aliyeitwa usiku kwa mambo ya uchawi ataitambua. Kiisha filme inaacha njia yake, inaingia katika mavazi na rangi na ndoto, na mtazamaji wa benchi anapotea. Tulipotea na sisi. Kwa fratri aliyezoea kusoma, na mwenye rafiki wa kubishana naye, ndiyo, aende. Kwa mama wa soko, hapana, abaki na feza yake.

Maman Colonelle, ya mwaka 2017, ni ya Dieudo Hamadi wa Kisangani. Hapa hakuna wachezaji: tunamfuata Kolonel Honorine Munyole, mwanamke wa polisi, aliyetolewa Bukavu na kupelekwa Kisangani kulinda wanawake walioharibiwa na watoto wanaoteswa. Anawakuta wanawake walioumizwa wakati wa vita vya siku sita vya mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini kwao. Anawatoa watoto mikononi mwa watu wanaowatesa kwa kusema ni wachawi. Feza ya serikali hana. Anasimama mbele ya watu na kuwaomba wachangie wenzao. Huko Berlin jamii ya waamuzi wa Kikristu, Wakatoliki pamoja na Waprotestanti, waliipa zawadi mwaka huohuo. Filme hii inadumu saa moja na dakika 12 tu, na ni ngumu kutazama. Inastahili, hata mara mbili. Lakini tusiionyeshe kwa watoto, wala mahali ambapo wanawake walioteswa watakaa kati ya wavulana wanaocheka. Ikionyeshwa, awepo mama mmoja wa busara mlangoni, wa kumshika mkono anayetoka akilia. Filme nyingine ya Hamadi, En route pour le milliard ya mwaka 2020, inawafuata vilema wa vita hivyohivyo wakishuka mto hadi Kinshasa kudai haki yao. Wanaoipenda ya kwanza wataipenda hii.

Tulikuwa na kipimo kimoja tulichokipenda, nacho ni hiki: kwetu mmoja analipa, na kesho yake kumi wanasimuliwa, penye maji, au njiani kwenda shule. Filme inayostahili, tulisema, ni ile inayoweza kusimuliwa, kwa kuwa tikiti moja inalisha wengi. Kipimo hiki kilituongoza vema mpaka tulipoona Makala.

Makala ni ya Mfaransa Emmanuel Gras, mwaka 2017, na huko Cannes ilipata zawadi kubwa ya Juma la Wahakiki. (Mtu wa Zanzibar akisoma jina hili atafikiri ni maandiko ya gazeti, kwetu kila mama wa jikoni anajua ni nini.) Watu wake wanasema Kiswahili cha Katanga, hivyo hakuna haja ya mfasiri. Na ukiombwa kuisimulia, huna la kusema: mtu mmoja, Kabwita, anakata mti mkubwa kwa shoka, anauchoma chini ya udongo, anafunga magunia juu ya baisikeli, na kuisukuma kilometa kama 50 mpaka Kolwezi. Anauza. Basi. Anataka kununua mabati ya nyumba.

Filme inadumu dakika 96, na sehemu kubwa ni kusukuma. Tunaona mgongo wake, vumbi la makamioni, mlima. Gari linaangusha baisikeli na magunia yanapasuka. Karibu na mji wanamdai feza ya kupita, naye hana, basi anatoa makala yake. Mwishoni anaingia katika nyumba ya maombi na watu wengine, na filme haimcheki, wala haitwambii kwamba Mungu amemjibu. Mtu aliyepanda kwenda Butembo na mzigo ataona mambo anayoyajua, na atauliza kwa nini alipe kuyaona. Sisi tulijiuliza hivyo kwa dakika ishirini za kwanza. Kiisha tulifahamu kwamba hatukuwa tumeyaona kamwe: tulikuwa tumeyapita ndani ya gari.

Ina makosa. Muziki wake wa zeze kubwa la kizungu unatuamuru kuhuzunika pale ambapo Kabwita mwenyewe hahuzuniki, anafanya hesabu tu. Na liko swali ambalo wasomi wa filme hawaliulizi, lakini liliulizwa mara moja siku tulipoitazama filme hii katika chumba cha parokia, saa nane mchana, pamoja na watu kama hamsini: «Yule mzungu mwenye mashine ya kupiga picha, hakumsaidia kusukuma?» Hatukujua kujibu. Mzee mmoja akasema kwamba kama angesukuma, sisi tusingejua uzito wake. Mwingine akasema uzito anaujua, asante.

Tulikuwa tumetengeneza maswali matano ya kuongoza mazungumuzo kiisha filme. Hatukuuliza hata moja. Mama mmoja anayeuza makala sokoni alisimama kabla taa haijawashwa, akasema Kabwita amekubali bei mapema mno, kwamba mnunuzi yule wa Kolwezi alikuwa mwongo tangu neno la kwanza, na kwamba gunia namna ile, la mti mgumu, lililofungwa vizuri vile, yeye asingelitoa kwa bei ile hata mvua inyeshe. Wengine wakabisha. Mtu wa chukudu akasema mama hajasukuma. Aliyesukuma siku nzima anauza upesi ili alale. Jua lilipoanza kushuka tuliwaomba waende nyumbani, nao wakatoka wakiwa wangali wanapiga hesabu ya mabati.